Unapouguza nyumbani: namna ya kubaki mchangamfu na kuwa na watu, kaskazi inapoondoka Mombasa

Mwezi wa Machi humlemea sana anayeuguza nyumbani Mombasa. Joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, kaskazi inalegea, na tangambili, majira ya pepo kubadilika, ikiingia upepo hukaa kimya kwa siku nzima. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, nawe unakesha naye. Kisha Aprili na Mei zinakuja na mvua za masika. Vichochoro vinajaa maji, nguo hazikauki, na wageni waliokuwa wakipita kumjulia hali mzee wanapungua mmoja mmoja. Anayefika Juni akiwa na uso wa kucheka mara nyingi ni yule aliyejipanga mapema, kati ya mwisho wa Februari na mwisho wa Machi.

Mwongozo huu ni wa wiki hizo nne. Umeandikiwa mtu anayemtunza mzazi aliyepooza, mume mwenye saratani, bibi aliyeanza kusahau, au mtoto asiyeweza kujihudumia. Uchangamfu hauji kwa kuambiwa ujikaze. Hutokana na usingizi, mwanga wa jua, na kuonana na watu. Kwa kuwa wewe huwezi kutoka ovyo, kazi kubwa ni kuwafanya watu waje kwako, kwa saa unayoijua na kwa namna isiyokuongezea kazi.

Wiki ya kwanza: daftari la siku tatu

Chukua daftari la shule na kalamu, uvifunge kwa uzi karibu na kitanda cha mgonjwa. Kwa siku tatu mfululizo andika kila saa unafanya nini: kumgeuza, kumlisha, kubadilisha nepi, kufua, kupika, kulala, kuzungumza na mtu. Usipange chochote bado. Kila mtu uliyezungumza naye zaidi ya dakika tano, mgonjwa na mwuza duka wakiachwa kando, mtie nyota.

Siku ya nne soma ulichoandika na utafute mambo matatu. Kwanza, ni saa gani mgonjwa hutulia? Wengi hutulia baada ya kuoga na kunywa chai asubuhi, na tena baada ya alasiri. Mwenye maradhi ya kusahau mara nyingi huhangaika jua likitua, kwa hiyo saa za magharibi usizihesabu. Pili, ulilala saa ngapi kwa jumla, na kipande kirefu zaidi kilikuwa cha saa ngapi? Kipande kikiwa chini ya saa nne kwa siku zote tatu, anza na usingizi kabla ya jambo jingine lolote. Tatu, hesabu nyota. Walezi wengi hukuta nyota mbili au hawana hata moja, na hapo ndipo wanapoelewa kwa nini wamekuwa wakilia bila sababu wanayoweza kuitaja.

Usingizi kwanza

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa karibu kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia, hasa kiunoni, makalioni na kwenye visigino. Mlezi akiifuata ratiba hiyo peke yake usiku kucha, atavunjika ndani ya mwezi mmoja. Muulize muuguzi wa kliniki yenu kama ngozi ya mgonjwa na godoro alilonalo vinaruhusu usiku kumgeuza kila baada ya saa tatu au nne. Jibu ni tofauti kwa kila mgonjwa, kwa hiyo usijikatie shauri mwenyewe. Kama hairuhusiki, usiku ugawanywe: mmoja kuanzia saa nne hadi saa nane, mwingine saa nane hadi alfajiri. Kijana wa miaka kumi na minane anaweza zamu ya kwanza bila taabu, kwa sababu hata hivyo hulala kwa kuchelewa.

Kwa joto la Machi, fungua madirisha yote jua likitua na ufunge yale yanayopigwa na jua kuanzia saa nne asubuhi. Wengi hutundika leso zilizoloweshwa chumbani wakitaraji ubaridi. Hewa ya Mombasa tayari ina unyevu mwingi, na chumba kilichofungwa kikiongezwa maji huzidi kuwa kizito. Kinachosaidia ni kumpangusa mgonjwa shingo, mikono na miguu kwa kitambaa chenye maji, kisha feni impige kwa mbali. Fanya hivyo hivyo kwako kabla ya kulala.

Mchana, mgonjwa akisinzia baada ya chakula, nawe lala dakika 20 hadi 30 kwa kengele ya simu. Sufuria zitangoja. Ukipitisha saa nzima utaamka na kichwa kizito, na usiku usingizi utakukimbia.

Tazama mgongo pia, maana mtu mwenye maumivu hachangamki. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili walishike pande zote, wakunje magoti na kumvuta pamoja kwa hesabu ya tatu. Ukiwa peke yako, mgeuze ubavu kwa kukunja goti lake na kulisukuma taratibu. Usimwinue kwa kumshika makwapa: bega la aliyepooza hutoka mahali pake kwa urahisi.

Wiki ya pili: kupata zamu ya kupumzika

Lengo ni saa mbili, mara mbili kwa wiki, kila wiki. Ndogo kuliko hapo haitoshi kufika mjini na kurudi, na kubwa kuliko hapo watu hukataa.

Kosa la kawaida ni kuandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha jamaa, “Nimechoka, naomba msaada.” Wako watu thelathini humo, kila mmoja anamngoja mwenzake, na jioni unapata dua kumi na mikono mitupu. Mpigie mtu mmoja simu, umpe kazi yenye siku, saa na mipaka:

“Shikamoo mama mdogo. Baba anaendelea vyema, alhamdulillah. Nakuomba Jumatano ukae naye kutoka saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Nitakuwa nimeshamwosha na kumlisha. Hakuna kumwinua. Saa nne umpe uji ulio kwenye chupa, na umsomee kidogo. Utaweza?”

Akikubali, ndipo uandike kikundini: “Jumatano mama mdogo anakaa na baba. Jumamosi bado.” Mtu akiona jina la mwenzake huona haya kubaki nyuma, na Jumamosi hupata mwenyewe.

Wa kumwendea kwanza ni jirani ambaye mlango wake unauona, kabla ya ndugu anayevuka feri ya Likoni. Ndugu ana wajibu zaidi, lakini foleni ya feri ikimchelewesha mara mbili ataacha kuja, nawe utabaki na kinyongo. Ndugu wa mbali mpe kazi ya mbali. Walioko Saudia na Qatar saa zao ni sawa na zetu, na Dubai imetutangulia kwa saa moja tu, kwa hiyo kijana aliye huko anaweza kumpigia babu kwa video kila jioni saa kumi na moja na kumshughulisha dakika ishirini wakati wewe unaoga kwa utulivu. Msaada huu una thamani kuliko pesa nyingi, na watu hawaufikirii mpaka waombwe.

Andika karatasi ya zamu, ukurasa mmoja, uibandike ukutani. Iwe na dawa na saa zake, ukitaja na zile ambazo hazipewi tumbo likiwa tupu. Chakula anachokimeza na kile kinachompalia. Nepi, taulo na dawa ya ngozi zilipo. Namba yako, ya daktari au kliniki, na ya mwenye tuktuk aliye karibu. Na mstari mmoja wa dharura: akishindwa kupumua, uso ukipinda, au akipoteza fahamu, piga simu na kumkimbiza hospitali, usimngoje mwenye nyumba.

Msaidizi usimwachie mgonjwa siku ya kwanza ukaondoka. Mara ya kwanza kaeni pamoja saa nzima, yeye akifanya nawe ukitazama. Mara ya pili toka nusu saa, usivuke mtaa. Mara ya tatu ndiyo saa mbili kamili. Ukiruka hatua hizi, mgonjwa akikohoa kidogo msaidizi ataingiwa na hofu, na hutampata tena.

Mgonjwa naye anaweza kukataa, pengine kwa maneno makali: “Umechoka nami, unanitupia watu.” Usibishane naye kuhusu uchovu wako. Mwambie jambo analolijua: “Bi mkubwa anakuja kukutazama, nami naenda sokoni, nitarudi kabla ya adhuhuri.” Kisha urudi saa uliyotaja. Ukitimiza mara tatu nne, upinzani kwa kawaida hupungua.

Na saa mbili hizo usifanye kazi za nyumba. Kama hujui pa kwenda, nenda ukae na mtu anayekuchekesha.

Barazani, au mlangoni

Nyumba zetu zilijengwa na baraza kwa sababu, na mgonjwa asiwe wa mwisho kuitumia. Kuanzia saa kumi na nusu jua limepungua makali, na magharibi haifiki mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu. Mtoe mgonjwa dakika 20 siku za mwanzo, kisha 40. Kiti kiwe na mgongo na mikono, mto nyuma ya kiuno, miguu ikanyage chini au kigoda, maji karibu. Aliyelala muda mrefu usimsimamishe ghafla: akae ukingoni mwa kitanda dakika tano kwanza, maana presha hushuka na kizunguzungu humwangusha.

Chai ya tangawizi ipike asubuhi uihifadhi kwenye chupa, na vikombe vinne viwe tayari kwenye sinia. Hapa ndipo wageni hugeuka mzigo: mtu anakuja kumjulia hali mgonjwa, mlezi anaingia jikoni, mgeni anaondoka, na mlezi hakupata hata neno moja la mazungumzo. Kuhusu mahamri, kama hayapo hayapo. Wageni waambie wazi, “Tuko barazani kila siku saa kumi na nusu, karibuni.” Baada ya wiki mbili mtaa utajua, na hutasumbuliwa tena na mgeni wa saa ya kulisha.

Anayekaa gorofani Tudor au Kizingo bila lifti asijaribu kumteremsha mgonjwa kila siku. Aweke viti viwili mlangoni, mlango wazi, saa moja kila jioni. Watoto na majirani wanaopanda ngazi watasimama.

Mara moja kwa wiki, kama mgonjwa anaweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, mpeleke Mama Ngina, bustani ya ufukweni. Njia zake ni pana na zimesakafiwa, mibuyu inatoa kivuli, na meli zinapita karibu mno zikiingia bandarini. Mzee aliyefanya kazi bandarini atazungumza peke yake saa nzima. Nenda siku ya kazi, maana wikendi hakuna pa kupitishia kiti. Chukua tuktuk ya dereva mmoja mnayemzoea, anayejua kukunja kiti na asiye na haraka, na mpatane kabisa bei ya kwenda na kurudi. Mji wa Kale nao unapendeza, ila vichochoro vyake vina vizingiti na mawe yaliyoinuka. Afadhali mbaki kwenye njia pana karibu na Fort Jesus.

Ramadhani na Kwaresima

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwenye joto hili hili. Mwenye kufunga huku anauguza apange kazi nzito (kuoga, kutandika, kugeuza kwa shuka) mara tu baada ya alfajiri, wakati nguvu ya daku ingalipo. Kuanzia saa nane mchana abaki na kazi za kukaa. Saa za dawa za mgonjwa zisibadilishwe bila daktari, hata kama mgonjwa mwenyewe anashikilia kufunga; mwenye sukari anaweza kuanguka kabla ya adhuhuri.

Upweke huingia baada ya futari, mtaa mzima ukielekea tarawehe nawe umebaki na mgonjwa. Weka miadi na mlezi mwenzio aliyebaki nyumbani kama wewe, mpigiane saa hiyo hiyo. Sahani za futari zinazopita mlango kwa mlango pia ni njia ya kuonana: hata ukiwa na tende tano na kaimati kidogo, mpelekee jirani mwenyewe, usimtume mtoto. Kwa Wakristo, jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya akina mama wa kanisa hukutana nyumba kwa nyumba wakati wa Kwaresima. Omba mkutano mmoja ufanyike kwenu na uwaambie mapema kwamba hakutakuwa na chakula.

Wiki ya tatu: walezi wenzako

Ndugu watakupenda, lakini anayejua uzito wa usiku wa tatu bila kulala ni mlezi mwenzio. Utamkuta kliniki ya sukari, ya presha, kwenye mazoezi ya viungo, au Coast Hospice kwa wenye mgonjwa wa saratani. Kwenye benchi la kungoja, mwulize aliye karibu, “Wewe unamwuguza nani?” Hapo mazungumzo hayahitaji kusukumwa.

Kikundi cha watu wanne hadi sita kinatosha. Mkutane mara moja kwa wiki mbili, saa moja tu, nyumbani kwa mmoja wenu kwa zamu. Kila mtu apewe dakika kumi za kusema bila kukatizwa, na asipewe ushauri mpaka auombe, kwa sababu mlezi aliyechoka akiambiwa “jaribu habasoda” hunyamaza na mkutano ujao haji. Yaliyosemwa yabaki humo humo.

Msianze na mchango wa mzunguko. Tunajua chama kinapendwa, lakini mlezi akikosa mchango mara moja kwa sababu ya dawa ataona haya na kuwakimbia, wakati ambapo anawahitaji zaidi. Ngojeni miezi sita.

Pesa ndizo hukata undugu haraka. Kila kinachotolewa kwa mgonjwa kiandike: nani, kiasi gani, kilinunua nini. Mwisho wa mwezi piga picha ukurasa huo pamoja na risiti, uitume kikundini bila neno la lawama. Hakikisha mgonjwa amesajiliwa na SHA, bima ya afya ya serikali, kupitia *147#. Mzee aliyetimiza miaka 70 au mwenye ulemavu mkubwa anaweza kuombewa Inua Jamii, msaada wa pesa wa serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliosajiliwa. Anza kwa chifu. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kuja kupima presha na sukari nyumbani. Mwombe akupime na wewe.

Jambo dogo la kila siku

Chukua matawi mawili ya rehani, urefu wa kiganja. Ondoa majani ya chini, uyatie kwenye glasi ya maji dirishani pasipo jua kali. Badilisha maji kila siku mbili: yakikaa huozesha shina, na mbu wanaoeneza dengi na chikungunya, maradhi ambayo Mombasa imekwisha kuyaonja, hutaga kwenye maji madogo ya namna hiyo. Mizizi hutoka baada ya wiki moja hadi mbili. Hamishia kwenye kopo lenye matundu chini. Au panda mchicha kwenye debe: udongo mafungu mawili kwa fungu moja la mbolea ya mbuzi iliyooza, mbegu zitawanywe chache, zifunikwe kwa udongo mwembamba. Huota ndani ya wiki moja na kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, ambapo mvua zinakuwa zinaingia. Mgonjwa anayeweza kuinua kikombe ndiye awe mwagiliaji. Mtu aliyehudumiwa mwaka mzima hufurahi mno kuulizwa, “Umeshamwagilia mchicha wetu?”, nawe unapata la kuzungumza naye lisilo dawa.

Ukiona hali imezidi

Huzuni au kutojali chochote kwa wiki mbili mfululizo, kushindwa kulala hata mgonjwa akilala, kukosa hamu ya chakula, kutamani usiamke: hizo ni dalili za maradhi, na maradhi yana tiba. Ukijiona unamvuta mgonjwa kwa nguvu au kumfokea kila siku, usijifiche kwa aibu. Mlaze salama, mweke mito pande zote, toka uani dakika kumi, na umpigie mtu mmoja kabla hujarudi ndani. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bure, na kuna washauri wa kusikiliza. Ukiwa na wazo la kujidhuru au kumdhuru mgonjwa, mwite mtu aje akae naye sasa hivi, nawe uende hospitali siku hiyo hiyo. Coast General na Port Reitz zinapokea. Kusema hali yako hakumvunjii mgonjwa heshima.

Wiki ya nne: mvua zinakaribia

Nunua mapema nepi na dawa za wiki mbili, ili mafuriko yasikutoe nyumbani usiku. Ongeza mashuka mawili, maana yatachukua siku mbili kukauka. Mpira wa kutandika chini ya shuka, tochi, na betri ya kuchajia simu viwe mahali pamoja. Kamba ya nguo ifungwe ndani karibu na feni.

Kisha wapigie wote waliokuwa wakija, umpange kila mmoja kwa mvua: anayeishi mtaa huu huu aendelee kuja, aliye Likoni, Kisauni au Changamwe ahamie kwenye simu, siku ile ile na saa ile ile aliyozoea. Kikundi cha walezi nacho kikutane kwa simu ya pamoja, saa ile ile, na bando linunuliwe siku moja kabla. Usiseme “tutaonana mvua zikiisha.” Miezi miwili ni mingi, na mazoea yakikatika kuyaunga tena ni kazi.

Kiti cha barazani kisirudishwe stoo. Kiweke nyuma ya mlango pamoja na mto wake, mvua ikikatika saa kumi mmetoka kabla haijarudi.